Jumapili ya Eldoret na Haki ya Mwuza Duka

Mwezi uliopita nilikuwa Eldoret, na baridi ya huko sisi watu wa pwani hutukunyata kama kuku mvuani. Jumapili asubuhi nilitoka kutafuta majani ya chai, nikaifuata barabara ya Uganda. Makanisa yalikuwa yamekwisha kuanza nyimbo zao, na maduka makubwa nayo yalikuwa yamekwisha kufungua milango. Niliingia katika moja, ambalo jina lake sina haja ya kulitaja.

Binti aliyepokea fedha nilimwuliza, "Mwanangu, leo si siku yenu ya kanisa?"

Akacheka kidogo. "Mzee, kanisa nalisikia kwa dirisha tu. Tangu Pasaka sijasimama na kwaya yangu." Aliniambia hutoka Langas alfajiri, na kurudi ni usiku. Siku yake ya kupumzika ni Jumatano, "wakikumbuka."

Kijana aliyekuwa akipanga unga karibu yetu aliiona kofia yangu, akanitolea salamu. Naye alikuwa na lake. Ijumaa adhuhuri huomba ruhusa ya saa moja akasali, na jibu ni lile lile: "Wenzako hawaendi kanisani Jumapili, wewe u nani?"

Wasomaji wangu, jibu hilo lilinikaa moyoni hata niliporudi nyumbani. Maana sisi Waislamu, tukisikia maneno ya maduka kufunguliwa Jumapili, husema hayo si yetu, Jumapili si siku yetu. Kumbe haki aliyonyimwa binti Mkristo ndiyo iliyofanywa hoja ya kumnyima kijana wetu Ijumaa yake.

Tuitazame sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Haikutaja Jumapili, wala Ijumaa, wala Jumamosi ya Wasabato. Kanuni za jumla za mishahara za mwaka 1982 ziliweka wiki ya kawaida kuwa saa zisizozidi 52 katika siku sita, na anayefanya kazi ya ziada siku yake ya mapumziko alipwe maradufu. Tena Katiba ya mwaka 2010 inasema mtu asinyimwe kazi wala haki yoyote kwa sababu ya dini yake.

Nchi nyingine zimeshika njia nyingine. Ujerumani imeihifadhi Jumapili ndani ya katiba yenyewe. Uingereza na Wales, kwa sheria ya mwaka 1994, maduka yaliyozidi mita 280 za mraba hufunguliwa saa sita tu siku ya Jumapili, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Serikali ilipotaka kuilegeza sheria hiyo mwaka 2016, Bunge lilikataa kwa kura 317 dhidi ya 286.

Je, nasi tufunge maduka? Mimi sisemi hivyo. Eldoret ilianza kama shamba nambari 64, ikapata reli mwaka 1924, na mwaka 2024 ikapewa hadhi ya jiji. Jiji lina mwalimu na mkulima ambao hawapati nafasi ya kununua ila Jumapili. Lina vibarua wanaolipwa kwa siku, na duka likifungwa ni sufuria zao zitakazokaa bila moto. Wala dini yetu haikutuamuru kuacha kazi mchana kutwa. Sote tuliopita chuoni twaijua Sura ya Ijumaa: inapoadhiniwa Sala, biashara iachwe, Sala ikiisha, watu watawanyike kutafuta riziki. Lakini funzo lililomo ni zito: iko saa ambayo mizani husimama, na tajiri hana amri juu yake.

Kasoro ya sheria yetu ni kwamba, kwa kutotaja siku, imemwachia mwajiri achague, na mwenye shida hula alichopakuliwa. Binti yule hawezi kubishana. Anajua wako wengi nje wanaoingojea kazi yake. Anakumbuka pia jinsi Nakumatt, lililokuwa na matawi mpaka Eldoret, lilivyoporomoka hata wadai wakapiga kura ya kulifunga Januari 2020, na waliokuwa wakivaa sare zake wakabaki kutafuta kazi upya. Mtu wa namna hiyo akiambiwa Jumatano, husema ahsante.

Na dawa yake si ngumu. Eldoret ina watu wa kila dini, na kuchanganyika huko ndiko kunakoifanya dawa iwe rahisi. Zamu ziandikwe mwezi mzima mbele, zibandikwe ukutani. Mwislamu na Msabato washike duka Jumapili asubuhi. Mkristo ashike Ijumaa adhuhuri. Jumamosi wamwachie Msabato. Anayeitwa siku yake ya mapumziko alipwe kama kanuni zinavyosema, na vyama vya wafanyakazi vidai zamu hizo ziingie katika mikataba.

Sasa nageukia kwetu. Pale Marikiti, Mombasa, adhana ya Ijumaa ikilia wenye maduka wengi hushusha milango, nasi twajivunia hayo. Lakini wangapi kati yetu tumewaajiri vijana Wakristo, tukawasimamisha dukani kila Jumapili bila kuwauliza? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Hatuwezi kumdai tajiri wa Eldoret saa moja ya Ijumaa, ilhali sisi wenyewe hatumpi mtu asubuhi yake ya Jumapili. Aliye na duka na aanze kwake, kabla ya kumnyoshea mwingine kidole.

Nilipolipa, binti yule alinipa risiti na chenji yangu, akasema, "Karibu tena Jumapili, mzee."

Nikamwambia, "Inshallah nitakuja, na Mungu ajaalie nisikukute."

Safari hii alicheka sana.