Baa ya Mtaani Inasingiziwa

Kuna hukumu moja ambayo mijini kwetu imekwishatolewa na haina rufaa: kwamba baa ndogo ya mtaani, ile ya viti vya plastiki na paa la bati, ndiyo inayozaa walevi, inayofukarisha nyumba na kuvunja ndoa. Utaisikia kwenye vikao vya wazazi, kwenye harusi, hata kinywani mwa mnywaji mwenyewe, ambaye akishapata cheo na gari huhamishia bia yake kwenye hoteli ya Masaki, Dar es Salaam, na kuanza kuwashangaa aliowaacha Manzese. Mtu wa heshima, tunaambiwa, kama hana budi kunywa, akanywe mahali pa hadhi. La sivyo anunue chupa zake akanywee kwake, mlango umefungwa.

Naipinga hukumu hiyo, na hasa huo ushauri wa mwisho. Sitetei pombe. Anayeiona haramu kwa imani yake ana neno lake na mimi silijibu, tena hoja yake haihusu viti vya plastiki: kwake bia ya Masaki na ya Manzese ni mamoja. Ninaowajibu ni wale wanaokubali kwamba watu watakunywa, kisha wanalaumu mahali ambapo unywaji unaonekana kuliko kwingine kote. Dai langu ni kwamba madhara mabaya kabisa ya pombe katika nchi zetu yameota pale ambapo mnywaji haonekani au kinywaji hakijulikani, na baa ya mtaani, pamoja na kasoro zake zote, inayabana mambo hayo mawili kuliko mahali pengine popote anapoweza kwenda mtu wa kipato cha chini.

Baa ninayoizungumzia ni grosari ya Sinza, Buguruni au Mbagala. Ina friji mbili tatu zenye rangi za kampuni ya bia, kaunta yenye nondo, kreti zilizopangwa ukutani, televisheni inayosubiri mechi ya Simba na Yanga, na jiko la chipsi na mishikaki mlangoni, ambalo mara nyingi ni biashara ya mtu mwingine. Wazee pembeni wanacheza drafti kwa visoda. Ukikaa, mhudumu anakuuliza ya baridi au ya moto, kwa sababu wako wengi ambao bado hawaitaki ya friji. Hapaletwi orodha ya vinywaji, wala hakuna mlinzi wa kukukagua viatu.

Uduni huo una kazi yake. Chupa inafunguliwa mbele ya macho yako, kizibo chake kikiwa kile kilichotoka nacho kiwandani, kwa hiyo unajua unachokunywa. Ukiimaliza, katika baa nyingi haiondolewi mezani mpaka ulipe, maana chupa tupu ndiyo hesabu ya bili. Na kwa kuwa baa yenyewe iko wazi, hesabu hiyo inasomwa na kila apitaye: jirani anayekwenda kununua mkaa, mjumbe wa nyumba kumi, fundi uliyemwambia asubuhi kwamba huna hela ya kummalizia. Kwenye hoteli mhudumu huondoa glasi haraka, ndiyo adabu ya kazi aliyofundishwa, na ya tano huja ikiwa kama ya kwanza. Nyumbani anayehesabu ni mke na watoto, ambao mara nyingi hawana sauti ya kusema imetosha.

Muuzaji naye anakujua, na ana sababu ya kibiashara ya kukuangalia. Mteja akilewa akatokomea bila kulipa, katika baa nyingi deni linamwangukia mhudumu aliyemhudumia. Akipigana, meza za jirani zinahama. Akifukuzwa kazi kwa ulevi, hatarudi tena. Kwa mwenye grosari, mteja wa bia mbili kila jioni, mwaka baada ya mwaka, ana faida kuliko wa bia kumi na mbili za usiku mmoja. Wako wauzaji walafi wanaomwongezea aliyekwishalewa, na wanastahili kunyang'anywa leseni. Lakini ulafi huo unaweza kuripotiwa kwa sababu una anwani, mwenyewe na mashahidi.

Sasa tazama yaliyotokea pombe ilipoihama baa. Kwa miaka mingi Tanzania pombe kali iliuzwa katika vifuko vidogo vya plastiki, viroba, kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliimudu. Kiroba hakikuhitaji kiti wala kaunta. Kilinunuliwa dukani pamoja na sabuni, kikatiwa mfukoni, kikanyonywa kwenye kijiwe cha bodaboda au nyuma ya darasa. Hakikuwa na saa ya kufungua wala ya kufunga. Serikali ilipokipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017, miongoni mwa sababu zilizotajwa ni jinsi kilivyowafikia vijana na wanafunzi kwa urahisi. Hata kosa la baa moja halimo katika sababu hiyo, kwani kijana yule yule angeingia grosari ya mtaani kwao akiwa na sare ya shule, habari ingemtangulia kufika nyumbani.

Kenya inatoa somo kali zaidi. Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ilianza kuuza Senator Keg, bia ya pipa iliyolengwa kwa mnywaji wa kipato cha chini, na serikali ikaipa msamaha wa ushuru kwa nia iliyotamkwa wazi: kumtoa mtu kwenye chang'aa. Pipa lile linataka bomba, gesi na kaunta, halitiwi mfukoni. Anayeitaka bia hiyo hana budi kwenda akakaa na wenzake. Mwaka 2013 serikali ikaitoza ushuru wa asilimia 50, bei ikapanda na mauzo yakaporomoka. Hakuna aliyetegemea kwamba waliokuwa wakiinywa sasa wangehamia maziwa. Mei 2014, pombe haramu iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 70 katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu, na kuwapofusha wengine. Sisemi kwamba ushuru peke yake ndio uliowaua, maana pombe ya sumu ilikuwa imeshaua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi mwaka 2000, kabla ya keg kuwapo. Ila serikali yenyewe ilisoma alama za nyakati: mwaka 2015 ilirudisha sehemu kubwa ya msamaha ule.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2018, lilikadiria kwamba takriban robo ya pombe yote inayonywewa duniani haimo katika hesabu za serikali. Si yote iliyo sumu. Mbege ya Kilimanjaro na ulanzi wa Iringa ni vinywaji vya jadi vyenye vilabu vyake, wazee wake na desturi zake, na kilabu cha namna hiyo ni ndugu wa damu wa baa ninayoitetea. Hatari iko kwenye gongo la uani, lililopikwa usiku na kuuzwa kwa siri, ambalo mnywaji wake hana wa kumuuliza limetiwa nini. Kila baa ya bei nafuu inayofungwa inamsogeza mteja wake mmoja au wawili kwenye ua huo.

Kama ni hivyo, kwa nini lawama inaishia kwa baa? Sehemu ya jibu tumeirithi. Waingereza walipotawala Tanganyika waliwazuia Waafrika kununua pombe kali za chupa hadi ukoloni ulipokuwa unaelekea ukingoni. Mwafrika alitengewa kilabu cha pombe kilichosimamiwa, ambacho ada zake ziliingia katika mifuko ya mamlaka. Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1920, halmashauri ya mji ilijitwalia peke yake haki ya kuuza pombe ya kienyeji Pumwani, na faida yake ikatumika kugharimia huduma za Waafrika wale wale walioinywa. Mzungu akinywa klabuni alikuwa anapumzika. Mwafrika akinywa kilabuni alikuwa tatizo la utawala. Bendera zilibadilishwa, lakini mizani ile tukabaki nayo. Mpaka leo mkurugenzi anayeyumba akitoka hotelini amechoka na kazi, na mpaka rangi anayeyumba akitoka grosari ni mlevi.

Haikuwa hivyo siku zote. Jiji la Dar es Salaam lenyewe, kupitia shirika lake la DDC, liliwahi kuendesha mabaa na kumbi. Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978 na kuchukua jina la baa ilimokuwa ikipiga, baadaye ikawa mali ya shirika hilo. Wazazi wetu waliodansi na bendi hiyo, Sikinde kama walivyoiita, hawakudhani wamefanya uhuni, na waliojenga nyumba na kusomesha watoto miongoni mwao ni wengi.

Kisha kuna kazi ya baa ambayo wanaoilaumu wanaitumia bila kuikiri. Tembelea baa za Dar Jumapili jioni. Utakuta meza zimeunganishwa, mtu mmoja ana daftari, na majina yanasomwa: fulani ameahidi laki moja, ametoa hamsini. Hicho ni kikao cha harusi, chenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na nusu ya wajumbe wanakunywa soda. Kinafanyika pale kwa sababu chumba cha kupanga hakina sebule ya kukalisha watu thelathini, na ukumbi unalipiwa. Baa haitozi kiingilio, na maji ya chupa moja yanakupa haki ya kukaa saa mbili. Kwenye meza hizo hizo michango ya msiba huanza kukusanywa kabla maiti haijatoka hospitali, dalali anapata habari ya chumba kilicho wazi, na fundi bomba anapata kazi ya kesho. Mtaa usio na uwanja, maktaba wala ukumbi wa jumuiya unaipata wapi huduma hiyo? Wanaotaka baa ifungwe waseme kwanza watu hao wakutane wapi.

Nazijua hoja za upande wa pili, na baadhi zina uzito. Ya kwanza ni fedha: mshahara unaishia kaunta. Kweli kwa wengine unaishia hapo. Lakini bia ile ile, ya kiwanda kile kile, hotelini huuzwa kwa bei maradufu na zaidi, kwa hiyo anayempeleka mwenye mshahara mdogo "mahali pa hadhi" anampeleka kwenye shimo refu zaidi.

Ya pili ni kelele, na hapa sina utetezi. Baa inayopiga spika mpaka usiku wa manane kando ya dirisha la mtoto anayesoma inamkosea mtoto huyo. Dawa yake ipo: kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilitungwa mwaka 2015, na leseni za vileo zina saa zake. Tunachokosa ni mtu wa kuzisimamia. Kuifunga baa kwa sababu sheria ya kelele haikusimamiwa ni kumwadhibu anayekaa kimya na bia yake kwa kosa la mwenye spika.

Ya tatu ni nzito kuliko zote, nayo haitajwi sana: wanawake. Mhudumu wa baa ya mtaani hulipwa kidogo, hufidia bili za waliotoroka, na hushikwashikwa na wateja wanaodhani bei ya bia inamhusu na yeye. Mwanamke akiingia kunywa soda peke yake, hupimwa kwa macho kabla hajavuta kiti. Ni aibu, na mtetezi wa baa asiyeikiri hastahili kusikilizwa. Lakini kuifunga baa hakumpi mhudumu yule mshahara. Kunamnyang'anya hata huo mdogo. Anachohitaji ni mkataba, bili isiyokatwa mfukoni mwake, na mwenye baa anayemtoa nje mteja mwenye mikono mirefu, hata kama ndiye anayenunulia meza nzima.

Kwa hiyo anayetaka mtaa wake utulie ana mengi ya kuidai halmashauri inayotoa leseni. Adai saa za kufunga ziheshimiwe, vyoo viwepo, sauti ipimwe, mtoto asiuziwe, na mhudumu alipwe. Kila dai kati ya hayo linatekelezeka kwa sababu baa iko pale pale inapojulikana, na mwenyewe anaweza kuitwa ofisi ya mtaa akaenda. Anayedai ifungwe kabisa ajue kwamba mnywaji hataondoka mtaani. Atatoka tu mbele ya macho yake, na siku atakapozidiwa hapatakuwa na mtu wa kumuuliza amekunywa nini.