Tamko la Chama Kuhusu Dalili za Maambukizi Baada ya Kung'oa Jino

Kwa wananchi, wahudumu wa afya ya kinywa na meno, wauzaji wa dawa na vyombo vya habari



Kung'oa jino bado ni moja ya huduma zinazotolewa kwa wingi zaidi katika kliniki za meno za umma hapa Tanzania. Wengi wanaong'olewa jino hupona bila tatizo. Wachache hupata maambukizi, na maambukizi hayo yakiwahiwa hutibika kwa urahisi. Yakicheleweshwa yanaweza kuua. Wagonjwa tunaowapokea wakiwa na taya lililovimba mpaka shingoni kwa kawaida walianza kuumwa siku kadhaa kabla, wakadhani ni kidonda tu kinapona. Ndiyo maana Chama chetu cha wataalamu wa afya ya kinywa na meno kinatoa tamko hili.

Mambo ya kawaida

Jino likitoka, tundu lake hujaa damu, na damu hiyo huganda. Donge hilo hufunika mfupa mpaka nyama mpya iote. Mate yenye wekundu siku ya kwanza yasikutie hofu. Ganzi ikiisha, maumivu huanza. Uvimbe unaweza kuongezeka hadi siku ya pili au ya tatu, hasa kwa gego la mwisho lililotolewa kwa upasuaji. Utando mweupe au wa manjano unaotokea juu ya tundu ni sehemu ya kupona. Watu wengi huudhani usaha na kuukwangua, na kwa kufanya hivyo hutonesha kidonda.

Baada ya siku ya tatu, kila siku inapaswa kuwa nafuu kuliko iliyotangulia. Kipimo ni hicho. Usilinganishe maumivu yako na ya jirani aliyeng'oa jino mwaka jana. Linganisha leo yako na jana yako.

Dalili za kurudi kliniki siku hiyohiyo

1. Uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, au uliokwisha kupungua kisha ukarudi.
2. Maumivu yaliyotulia kisha yakaanza upya kwa kasi.
3. Usaha, au ladha ya chumvichumvi yenye harufu mbaya isiyoisha kwa kusukutua.
4. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, au mwili kulegea.
5. Mdomo kuzidi kukataa kufunguka. Kwa kawaida mtu mzima huweza kupitisha vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya mbele. Aliyepasuliwa gego anaweza kukaza kwa siku chache, lakini lazima aone akilegea. Anayezidi kukaza arudi.
6. Damu inayoendelea kutiririka hata baada ya kung'ata gozi safi kwa nguvu kwa nusu saa bila kufungua mdomo.

Vitabu vingi humwambia mgonjwa atazame wekundu wa ngozi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Gusa mashavu yote mawili kwa mgongo wa mkono. Shavu lenye maambukizi huwa na joto kuliko lenzake, limekaza, linang'aa, na huuma likibonyezwa.

Tunasisitiza kuhusu homa. Katika nchi yenye malaria, anayepata homa siku nne baada ya kung'oa jino hukimbilia dawa ya malaria. Kupima malaria ni sahihi. Lakini anayekupima mwambie umeng'oa jino, naye akuangalie mdomoni hata kama kipimo kimeonyesha malaria.

Dalili za dharura

Mtu akishindwa kumeza mate yake, sauti ikabadilika kama ya mwenye chakula kinywani, ulimi ukainuka, sehemu ya chini ya kidevu ikawa ngumu pande zote mbili, jicho likafunga kwa uvimbe, au akapumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana. Asilazwe chali, akae wima. Nyingi ya dalili hizi ni za maambukizi ya chini ya ulimi, yaliyoelezwa na daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig mwaka 1836, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Huua kwa kuziba njia ya hewa, na yanaweza kufanya hivyo ndani ya saa chache.

Tundu kavu

Kuna tatizo jingine linalochanganywa na maambukizi. Donge la damu likitoka mapema au likiyeyuka, mfupa hubaki wazi. Kati ya siku ya kwanza na ya tano maumivu makali huanza, yakipanda hadi sikioni, na kinywa hutoa harufu. Kwa kawaida hakuna usaha, homa wala uvimbe mkubwa. Hutokea zaidi kwa magego ya chini na kwa wavutaji sigara. Mgonjwa husafishwa tundu, huwekewa dawa ya kutuliza na kupewa dawa za maumivu. Antibayotiki haimsaidii, hata akimaliza dozi tatu. Naye arudi kliniki.

Wito wetu

Kwa wananchi: siku ya kwanza usisukutue kwa nguvu, usiteme mate kila mara, usinywe kwa mrija, usivute sigara. Kuanzia siku ya pili sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa kikombe, na endelea kupiga mswaki meno mengine. Usipachike kitu ndani ya tundu: ugoro, majivu, kitunguu saumu wala kidonge cha aspirini, ambacho huunguza fizi. Wazazi, msikubali mtoto mchanga atolewe yanayoitwa meno ya plastiki. Hayo ni meno yake halisi yasiyoota bado. Kuyachokonoa kwa kisu au spoku ya baiskeli kumeleta maambukizi ya damu na vifo.

Kwa wenye kisukari, wanaoishi na VVU, wajawazito, wanaotumia dawa za saratani au za kuimarisha mifupa, na waliowahi kupigwa mionzi ya taya: mwelezeni mtaalamu kabla ya jino kuguswa, na msingoje siku ya tatu mkiona dalili yoyote kati ya tulizozitaja.

Kwa wauzaji wa dawa: mteja mwenye shavu lililovimba anayeomba vidonge vinne vya antibayotiki vya "rangi mbili" anahitaji kuelekezwa kliniki. Usaha uliojikusanya hutolewa kwa kupasuliwa, na mzizi uliobaki hutolewa kwa koleo. Vidonge peke yake haviviondoi. Dozi nusu humtuliza kwa siku mbili, huficha ugonjwa na kuongeza usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Kwa wanachama wetu: kumkabidhi mgonjwa karatasi ya maelekezo hakutoshi. Mwelezeni kwa mdomo kabla ganzi haijaisha, ndugu aliyemsindikiza akisikia, na mpeni namba ya simu inayopokelewa. Jino lililong'olewa Ijumaa hufikia siku ya tatu Jumapili, wakati kliniki nyingi za meno zimefungwa. Mgonjwa aondoke akijua aende wapi siku hiyo. Anayerudi na tatizo ndani ya wiki mbili apokelewe bila kudaiwa tena pesa ya kumwona daktari. Wengi hubaki nyumbani kwa kuogopa malipo hayo au kugombezwa.

Kwa Serikali na waajiri wa sekta ya afya: tunaomba kila hospitali ya wilaya iwe na utaratibu wa kumwita mtaalamu wa meno nje ya saa za kazi, na wahudumu wa zahanati wafundishwe dalili za dharura tulizozitaja, kwa kuwa wao ndio wa kwanza kufikiwa vijijini.

Mwananchi, kama siku ya tatu imepita na leo ni mbaya kuliko jana, rudi ulikong'olewa jino. Kama huwezi kumeza mate au unapumua kwa shida, nenda hospitali sasa hivi, usisubiri kupambazuke.

Limetolewa na Kamati ya Utendaji ya Chama.