Je, Kamera ya Rununu Yahitaji Lenzi Tulivu?

Mtafiti wa fasihi simulizi wa zama za kanda alikwenda nyanjani na kinasasauti begani na kamera shingoni. Mwanafunzi wa leo huenda na rununu mfukoni. Kwa chombo hicho kimoja hurekodi sauti ya fanani, hupiga picha za hadhira na hunakili kurasa za miswada mikongwe. Kwa hivyo, swali la iwapo kamera ya rununu inahitaji mtambo wa kuituliza lenzi si la wauzaji wa simu peke yao. Linamhusu kila anayetarajia kuhifadhi kazi za Kiswahili kwa chombo hicho. Makala haya yanashikilia kwamba mtambo huo unahitajika, ingawa hoja za wanaoupinga zina uzito na zinastahili kupimwa.

Kwanza ni vyema kufafanua jambo lenyewe. Mkono wa binadamu hautulii kabisa hata anapojikaza vipi. Penye mwanga tele, kamera huupokea mwanga huo kwa muda mfupi mno, na mtikisiko wa mkono hauonekani. Penye mwanga hafifu, muda huo hurefuka na picha huvurugika. Kanuni waliyoizoea wapigapicha ni kwamba lenzi pana kama ile kuu ya rununu nyingi haifai kushikwa kwa mkono kwa muda unaozidi takriban sehemu 1 ya 30 ya sekunde. Katika rununu yenye lenzi tulivu, jairoskopu hupima mtikisiko, kisha sumaku na koili huisogeza lenzi upande wa pili ili kuufidia. Mpigapicha basi aweza kufikia sehemu 1 ya 8 ya sekunde na kupata karibu mara 4 ya mwanga ule wa awali. Njia nyingine ni ya programu: lenzi haisogei, bali programu hukata kingo za video na kuzipanga upya fremu zake ili zionekane zimetulia.

Wapo wanaodai kuwa programu yatosha. Dai hili limekwisha kujaribiwa. Rununu ya Lumia 920 ya kampuni ya Nokia ndiyo iliyotangulia kuuzwa na lenzi tulivu, mwaka 2012. Apple iliiweka katika iPhone 6 Plus mwaka 2014 na kuinyima iPhone 6. Google nayo ilipotoa Pixel mwaka 2016, iliiacha lenzi tulivu. Ilitegemea programu kutuliza video, na picha nyingi za muda mfupi zilizounganishwa kuwa moja. Kamera hiyo ilisifiwa sana, na watetezi wa programu walipata hoja. Hata hivyo, mwaka uliofuata Pixel 2 ilitoka ikiwa na lenzi tulivu na programu kwa pamoja. Hatua hiyo ni ushahidi mzito kwamba njia mbili hizi hukamilishana. Sababu yake si fumbo: programu huweza kuzipanga fremu, lakini fremu iliyovurugika tangu ilipopokea mwanga husalia hivyo hata ikipangwa vizuri namna gani.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, tofauti hiyo si ya urembo. Tendi nyingi za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na katika hati hizo nukta ndizo hutenganisha herufi. Te na nuni zinapokuwa mwanzoni au katikati ya neno huwa na umbo moja. Te ina nukta mbili juu, nuni ina moja. Picha ikitikisika ndani ya chumba chenye dirisha dogo, nukta mbili huungana zikawa moja, na msomaji akasoma "nena" mahali palipoandikwa "tena". Kosa la namna hiyo likiingia katika tasnifu, litanukuliwa na wengine na kuzaa makosa zaidi. Isitoshe, ngano katika jamii nyingi zilitambwa usiku, na ngoma nyingi hunoga baada ya jua kutua. Mswada waweza kurudiwa mmiliki akiridhia, lakini utendaji wa fanani ukishapita umepita. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hata hivyo, lenzi tulivu haipaswi kusifiwa kupita kiasi. Nokia yenyewe ilijifunza hilo mwaka 2012 ilipolazimika kuomba radhi, baada ya kubainika kwamba video iliyotangaza utulivu wa Lumia 920 haikupigwa kwa rununu hiyo. Kasoro ya msingi ni kwamba mtambo huu hutuliza mkono wa mpigapicha tu. Haumtulizi mchezaji anayetikisa mabega. Penye mwanga hafifu huyo atavurugika vilevile, na dawa yake ni taa. Vilevile, stendi ya miguu mitatu huishika rununu kwa uthabiti usioweza kufikiwa na lenzi yoyote, tena kwa bei nafuu. Anayenakili mswada mezani na ana stendi hana haja kubwa ya lenzi tulivu. Lakini stendi haimfai anayepenya katikati ya hadhira akimfuata fanani, na si kila mwenyeji atakayeridhia isimamishwe sebuleni mwake.

Lipo pia suala la udhaifu wa chombo. Mwaka 2021 Apple ilionya kwamba mitetemo mikali ya injini za pikipiki yaweza kuharibu lenzi tulivu za iPhone. Anayefika nyanjani kwa bodaboda na ailinde rununu yake mfukoni au mkobani badala ya kuifunga kwenye usukani.

Kikwazo kikubwa zaidi ni bei, kwani rununu za bei ya chini aghalabu hazina mtambo huu. Hapo ndipo idara za Kiswahili zinapopaswa kuwajibika. Si haki kumtaka kila mwanafunzi anunue rununu ya gharama kubwa ili atimize kazi ya nyanjani, ilhali idara yaweza kununua chache za kuazimwa kwa zamu, pamoja na stendi na taa ndogo. Zinaponunuliwa, swali la kwanza lisiwe kamera ina megapikseli ngapi, bali iwapo lenzi yake imetulizwa. Megapikseli nyingi katika picha iliyotikisika huukuza mvurugiko tu. Wazee wanaozihifadhi ngano na tendi hizi hawatakuwepo milele, na ni wajibu wa wasomi kuzipokea kwa chombo kisichotetereka.