Nyumba Ndogo na Vifaa Vikuukuu

Juma hili twataka kuzungumza nanyi habari ya nyumba ndogo. Huko Marekani wako watu wajengao nyumba juu ya tela, yaani gari lisilo na mota, livutwalo na motokaa. Mmoja wa waliotangulia, Jay Shafer, alijenga yake mwaka 1999, na ukubwa wake ulikuwa kama meta 10 za mraba tu. Katika majimbo mengi ya nchi ile, upana wa nyumba kama hiyo hauna budi usizidi meta 2.6, wala kimo chake meta 4.1, isipokuwa kwa ruhusa ya pekee. Maana hupita njia moja na magari mengine. Wenye fedha chache huijenga kwa mbao, milango na madirisha ya majengo yaliyobomolewa.

Je, jambo hili latufaa sisi wa Kasongo na Kabambare? Magurudumu hayatufai. Mvua zikianza, hata malori hukwama matopeni. Nyumba ya kuvutwa ingevunjika kabla ya kufika mbali. Lakini akili iliyomo katika kazi hiyo yatufaa sana: kujenga kwa kipimo, kutumia tena kilichokwisha kutumika, na kuunganisha vipande hata viweze kufunguliwa na kuchukuliwa.

Wala akili hiyo si ngeni katika nchi yetu. Mwezi wa Oktoba 1876 Stanley alipita Kabambare akielekea Lualaba, na mashua yake, iitwayo Lady Alice, ilikuwa mabegani mwa wapagazi, vipande vipande. Walipofika mtoni waliviunganisha tena, ikaelea. Tena, mji wa Kasongo wenyewe ulihama. Ule mji wa zamani wa Tippu Tip ulitekwa na jeshi la Dhanis mwaka 1893, na mahali pake paitwa Tongoni, maana yake mahali palipoachwa na watu.

Siku zetu hizi wengi wamehama kwa hofu. Katika miaka ya 2017 na 2018 mapigano ya upande wa Salamabila, katika eneo la Kabambare, yaliwafukuza jamaa wengi makwao. Arudiye aweza kukuta kuta zimesimama, lakini mabati na mlango havipo. Huyo asingoje mpaka apate mali ya nyumba kubwa. Aanze na chumba kimoja imara, meta 3 kwa 4, watoto wapate kulala pakavu.

Haya ndiyo ya kuangalia. Mbao kuukuu uzigonge moja moja: ikilia kama ngoma, mchwa wamekwisha kuila ndani, uiache. Matofali ya kuchoma yaliyoanguka yafaa tena yakikwanguliwa udongo na kusafishwa. Bati lenye matundu ya misumari lisitupwe. Yazibe kwa lami, kisha upige misumari mipya katika migongo ya bati, si katika mabonde, maana maji hupita bondeni. Nguzo zisizikwe chini. Uziweke juu ya mawe, zisile unyevu. Na mahali pa kuungana boriti na nguzo, kama una parafujo na nati, uzitumie badala ya misumari. Msumari ukiung'oa, hupasua ubao. Nati hufunguka pasipo kuharibu kitu.

Lakini liko jambo lililo kubwa kuliko ufundi, nalo ni hili: kifaa hiki kimetoka wapi? Mlango uuzwao kwa bei ndogo mno wakati wa vita, yaelekea una mwenyewe, naye yuko porini na watoto wake. Ukiununua bila kuuliza, umemsaidia mwizi; na siku mwenyewe atakaporudi, atausimamia mbele ya nyumba yako na kuutambua. Utamjibu nini? Basi nunua mchana, mbele ya mashahidi wawili, na muuzaji aandike jina lake na mahali alipokitoa kifaa. Akikataa kuandika, mwache aende zake. Na kama uliyaokota mabati ya jirani aliyekimbia, vema uyatunze. Lakini yamekuwa amana, hayakuwa mali yako. Ukiwa umekwisha kuezekea, patana naye arudipo, umlipe au umrudishie.

Ninyi wanafunzi mjuao kusoma, wasaidieni wazazi. Andikeni namba kwa rangi juu ya kila nguzo na kila ubao, na namba zile zile katika daftari, pamoja na kipimo cha kila kipande na jina la aliyekiuza. Daftari hilo litawaonyesha mafundi jinsi ya kuisimamisha nyumba tena mahali pengine, nalo litakuwa shahidi wenu kama mtu akiuliza.