Tabo kwenye gari la familia: Mata yataka breki kabla ya mbio

Tangu barabara ya Voi hadi Taveta itiwe lami, mazungumzo ya magari huku Mata yamebadilika. Zamani watu waliulizana ni gari lipi linalostahimili mashimo na vumbi la Maktau bila kuvunja springi. Siku hizi wanaulizana ni lipi linalopita lori bila kusuasua. Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo jirani yangu, mwenye Nissan X-Trail ya lita 2 isiyo na tabo, alinijia nalo majuzi: "Fundi asema anaweza kunifungia tabo. Wewe waonaje?"

Jirani huyu si kijana wa mashindano. Ni baba wa watoto wanne. Siku za soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi, gari lake hujaa mikungu ya ndizi hadi kiti cha nyuma. Mwisho wa mwezi humpeleka mamake hospitali Voi, safari ya zaidi ya kilomita 100. Lalamiko lake ni moja tu: gari limechoka. Mtu kama huyu hastahili kuchekwa, anastahili hesabu.

Tabo si uchawi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliisajili hataza yake mwaka 1905. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ndogo, nayo huzungusha feni nyingine inayosukuma hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli huongezwa, na nguvu hupanda. Feni hizo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, tena karibu na moshi wenye joto la mamia ya digrii.

Ugumu unaanzia ndani ya injini. Injini ya petroli isiyo na tabo kwa kawaida hubana hewa mara 10 hivi kabla ya kuiwasha. Nyingi za zile zilizoundwa na tabo enzi hizo zilibana mara 8 au 9 tu, kwa sababu hewa huingia ikiwa tayari imeshinikizwa. Ukiifungia tabo injini inayobana mara 10, ukaacha kila kitu kingine kama kilivyokuwa, petroli huanza kulipuka kabla ya wakati wake. Utasikia injini ikigonga kama mtu apigaye kokoto kwenye bati. Baada ya hapo ni gasketi ya hedi, kisha pistoni, kisha winchi ya kukuvuta.

Waliounda gari hilo walilijua hili. Nissan ilipotaka X-Trail yenye tabo, ile ya GT iliyouzwa Japani mapema miaka ya 2000, haikuchukua injini ya kawaida ya farasi 150 na kuibandika tabo. Iliweka injini nyingine kabisa, ya farasi 280. Ikiwa kiwanda chenye maabara kiliona afadhali kubadilisha injini, fundi wa chini ya mwarobaini ana ujasiri gani wa kuahidi kazi hiyo kwa wikendi moja?

Sisemi haiwezekani. Huwezekana, lakini tabo ni mwanzo tu wa bili. Inahitajika intakula ya kupoza hewa, nozeli kubwa za petroli, pampu ya mafuta yenye nguvu zaidi, mabomba ya oili, rejeta ya kuhimili joto letu, na mtu wa kuipanga upya kompyuta ya gari. Giaboksi nayo haikuumbwa kwa mzigo huo. Ukijumlisha vyote, mara nyingi utakuta ni nafuu kuuza gari na kununua lililotoka kiwandani na tabo yake.

Kuna hoja moja ambayo mafundi huipenda: mlimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo gari lahitaji tabo. Ni kweli, ila tupime. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Wundanyi, iliyo juu ya mita 1,300, upungufu unahisika. Mata na Ziwa Jipe ziko kwenye mita 700 na ushei, yaani asilimia 7 hivi. Chujio la hewa lililozibwa na vumbi, plagi zilizokwisha na magurudumu yasiyo na upepo wa kutosha yanaweza kukuibia zaidi ya hapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku kwetu wengi wanataka kujenga ukuta kwa tabo.

Tena nguvu si kitu pekee kinachotakiwa barabarani. Kutoka Maktau kuelekea Taveta barabara inapita Tsavo Magharibi, na ndovu hawangoji taa za kuvukia. Gari linalokwenda kilomita 110 kwa saa huhitaji karibu mara mbili ya umbali wa kufunga breki kuliko linalokwenda 80. Tabo haigusi breki. Inakufikisha kwa ndovu mapema tu, na watoto wako nyuma.

Halafu kuna karatasi. Bima ni mkataba wa ukweli. Ukibadilisha gari kiasi hiki bila kumjulisha mwenye bima, umempa sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali. Ukibadilisha injini yenyewe, logibuku haina budi kurekebishwa kupitia NTSA. Rasimu ya kanuni za ukaguzi ya mwaka 2025 ilipendekeza hata magari ya binafsi yaliyozidi miaka 4 yawe yanakaguliwa. Wenye magari wana haki ya kuuliza kama ukaguzi huo utakuwa usalama au mfereji mwingine wa kutoza pesa. Lakini ukaguzi wa kweli, ulio karibu na mwananchi wa Taveta, ungemlinda jirani yangu kuliko ushauri wangu.

Wala tusimlaumu fundi peke yake. Vijana wa jua kali wana mikono, wanachokosa ni mafunzo na vifaa vya kupimia. Kaunti ikiwapeleka darasani kusoma kompyuta za magari, watajua lini waseme "naweza" na lini waseme "hapana, mzee, hili litakuua".

Jirani yangu tulimpigia hesabu kwenye karatasi ya unga. Alianza na plagi, chujio, oili ya giaboksi, pedi za breki na magurudumu mawili. Ndizi nazo sasa amezigawa safari mbili. Gari halijawa GT, lakini Jumamosi iliyopita alifika sokoni bila kulalamika. Alilolalamikia ni bei ya ndizi, na hilo hakuna tabo inayoliweza.