Kabla ya kuuza gari la nyumbani

Barua iliyonifikia majuzi kutoka Nakuru ilikuwa na kurasa tatu, na ule wa tatu ulijaa hasira. Aliyeiandika ni mama wa watoto watatu, mfanyabiashara wa nafaka sokoni. Anaeleza kwamba mumewe alinunua Subaru Impreza kuukuu ya miaka ya 1990, akaing'oa viti vya nyuma, akaifunga mabomba ya chuma ndani ili isimponde ikibingirika, na tangu hapo kila mashindano ya otokrosi yanapotangazwa yeye hulala gereji. Hayo mama ameyazoea. Lililomkera ni kwamba mzee sasa anataka kuuza gari dogo la nyumbani ili anunue gari kubwa lililotumika, la kuikokota hiyo Subaru juu ya trela hadi Nairobi na kuirudisha. Mama anauliza kama akubali, na akikubali, ni gari gani lifaalo.

Kwanza nimtetee mzee kidogo. Gari la mbio huvunjika. Hiyo ndiyo kazi yake. Mwenye kulipeleka mashindanoni kwa magurudumu yake mwenyewe, klachi ikiungua saa kumi jioni ya Jumapili, hulala huko huko akitafuta wa kumvuta kwa kamba. Kwa hivyo trela si anasa. Lakini gari la kulivuta hilo trela ni jambo la kupigia hesabu, na hesabu yenyewe ni hii.

Subaru ya aina hiyo ina kilo 1,200 hivi. Trela la chuma lenye ekseli mbili huwa na kilo 600 au zaidi. Magurudumu ya akiba, jeki, vyombo vya fundi na mitungi ya petroli, weka kilo 150. Tayari mnakaribia tani mbili, kabla mama na watoto watatu hawajaingia na sufuria ya pilau. Ndiyo maana nawaambia wanaume wanaopenda kujisifu kwamba injini yao "inavuta" waache kwanza kuitazama injini. Watazame kile kiasi ambacho kiwanda kimeruhusu gari livute, na uzito wa jumla wa gari, watu na trela kwa pamoja. Kiasi hicho kiko katika kitabu cha gari. Kwa bahati mbaya magari mengi tunayoletewa kutoka Japani huja na kitabu cha Kijapani, kama kipo, basi chukua namba ya chesisi uende kwa wauzaji rasmi wa aina hiyo wakueleze.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa Ulaya hawalisumbukii sana, nalo ni kimo cha nchi yetu. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Limuru iko zaidi ya mita 2,200. Gari la petroli la lita mbili lililokokota vizuri Mombasa likifika huko limekwisha kupoteza zaidi ya humusi ya nguvu zake, na bado lina tani mbili mgongoni. Dizeli yenye turbo haiumii hivyo, kwa sababu turbo huishindilia hewa ndani. Kwa safari ya Nakuru na Nairobi mimi singepoteza muda na kitu kingine.

Hata hivyo si kupanda kunakonitia hofu. Miaka mingi iliyopita shemeji yangu alikuwa na gari la mbio, nami nilikuwa na stesheni wagoni ya petroli niliyoiamini kupita kiasi. Trela tuliliazima, na halikuwa na breki zake. Kupanda tulipanda, polepole, watu wakitupigia honi. Siku ya kurudi, jua likizama, tukaanza kuteremka kwenda Mai Mahiu, watoto wawili wamelala nyuma. Katikati ya mteremko kanyagio la breki likawa laini kama ugali wa maji. Nikasikia trela likitusukuma, halafu likaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, kushoto. Nilirudisha gia hadi ya pili, injini ikalia kama ng'ombe, na tukaweza kusimama karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942. Magurudumu yalikuwa yakitoa moshi. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima, mawe nyuma na mbele ya matairi, na shemeji hakunena neno. Watoto hawakuamka, na mke wangu alikuja kuyajua haya miaka kumi baadaye.

Kwa hiyo mama, swali la kwanza la kumwuliza mzee ni hili: trela lake lina breki? Ulaya, trela likizidi kilo 750 pamoja na mzigo wake, ni lazima liwe na breki. Zile za kawaida hujifunga zenyewe trela linapolisukuma gari. Kama mzee amepata trela la jua kali lisilo na breki, hakuna gari lililotumika litakaloponya kasoro hiyo, liwe kubwa namna gani. Na Subaru ipandishwe juu ya trela ikielekea mbele kiasi cha kwamba kati ya kilo 7 na 10 za kila kilo mia ziegemee ndoana ya gari. Uzito ukikaa nyuma, mkia utacheza kama ulivyocheza wetu.

Sasa magari yenyewe. Toyota Hilux ya dizeli ya lita tatu, zile za 2005 hadi 2015, na Prado ya 2002 hadi 2009 yenye injini kama hiyo, ndizo mtakazoziona zaidi. Hizo za zamani mtazipata hapa hapa nchini tu, kwa kuwa kanuni ya KEBS, KS 1515, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Ubaya wa injini hiyo ni injekta. Mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika asubuhi. Likigonga kama mtu anayepiga mabati, na moshi mweupe ukatoka, ondokeni. Isuzu D-Max, inayounganishwa Nairobi, huwa na maisha magumu ya kampuni na mashamba, lakini vipuri vyake havikupi shida. Land Rover Discovery ya dizeli huruhusiwa kuvuta tani tatu na nusu na haitingishiki barabarani, nami naipenda. Lakini zile za injini ya lita 2.7 zina sifa mbaya ya kuvunjika krenki, na springi zake za hewa zikilala chini mtazilipia kwa machozi. Kwa nyumba yenye karo za watoto watatu, hapana. Gari fupi la milango miwili likwepeni pia, maana trela hulizungusha kwa urahisi.

Mkishapata gari, ingieni chini yake. Nataka kuona ndoana imefungwa kwa bolti kwenye chesisi, si kuchomelewa kwenye bampa. Pitisha kidole kwenye chesisi karibu na ndoana utafute nyufa au chuma kilichopakwa rangi mpya bila sababu. Kama gia ni za kujibadilisha, vuta kijiti cha kupimia mafuta yake unuse: mafuta ya hudhurungi yenye harufu ya kuungua ni ushahidi kwamba lilivutishwa mizigo likachemka. Baadhi ya magari hayana kijiti hicho, hapo fundi atalazimika kuyakagua kutoka chini. Halafu liendesheni mlima mrefu, mtazame kipimo cha joto, na mrudi mkiteremka kwa gia ya chini. Muuzaji akikataa safari hiyo, mmeshajibiwa.

Msisahau kutafuta rekodi ya gari NTSA kabla ya kulipa, maana gari huweza kuwa bado lina jina la benki. Trela nalo huhitaji usajili wake, namba zile zinazoanza na Z, na kampuni ya bima iulizwe kwa maandishi kama inalipa ajali inayotokea gari likiwa linakokota.

Ningekubali? Mama amenitajia kwamba magunia ya maharagwe huyabeba kwa gari dogo, yakiwa yamesukumwa hadi kwenye viti. Basi pikapu ya milango minne, ya dizeli, yenye gia za mkono, ingemfaa yeye zaidi kuliko inavyoifaa Subaru. Ingebeba magunia siku za kazi, watoto asubuhi, na Subaru mara chache kwa mwaka. Kwa masharti mawili. Jina la mama liingie katika kitabu cha usajili pamoja na la mzee. Na lile gari dogo lisiuzwe hadi pikapu iwe imekwisha kupita mlima ule ikiwa na trela lililojaa, kwenda na kurudi. Mzee akiona hilo ni kubwa, akodi lori la kubebea magari kwa mashindano mawili au matatu, aone gharama, ndipo tuzungumze tena.

Msomaji wa Kitui aliyeniuliza kuhusu gari lililoachwa na marehemu baba yake, jibu lako liko Jumapili ijayo. Usilikabidhi kwa mtu kabla ya hapo.