Bububu Ilikuwepo Kabla ya Treni

Mwaka jana nilikuwa mmoja wa walimu walioongozana na kundi la wanafunzi kutoka huku kwetu Chidya kwenda Unguja. Kwa mtoto aliyekulia ukingoni mwa uwanda wa Makonde, safari ile ni ya kusimulia mpaka uzeeni: basi mpaka Dar, boti, Ngome Kongwe, soko la Darajani. Siku ya pili tukapanda gari kuelekea kaskazini. Tulipofika Bububu, mtembeza wageni wetu akageukia watoto, akasema: "Zamani hapa palikuwa na treni ya moshi. Ilikuwa ikipita inalia bu-bu-bu, bu-bu-bu. Ndiyo maana pakaitwa Bububu."

Watoto wakacheka, wakaandika kwenye madaftari yao. Mimi nilijua si kweli, nikanyamaza. Niliona haya kumsahihisha mwenyeji mbele ya wageni wake. Makala hii ndiyo maneno niliyopaswa kuyasema pale.

Treni ya Bububu ilianza kazi mwaka 1905. Kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultani aliyeitwa baadaye Emily Ruete, zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886, na humo anaeleza jinsi alivyoishi Bububu kabla ya kuikimbia Zanzibar mwaka 1866. Hesabu hiyo haihitaji shahada. Kijiji kilikuwa na jina lake karibu miaka 40, kwa uchache, kabla injini haijapiga mluzi pale. Treni ndiyo iliyochukua jina la kijiji.

Mtasema: kosa dogo hilo, mwalimu, mbona unalikuza? Nalikuza kwa sababu naona linakoelekea. Kila baada ya muda ile picha ya treni iliyobanana na nyumba kwenye njia nyembamba ya Mji Mkongwe huzunguka kwenye magrupu yetu ya wasomaji. Chini yake maombi ni yaleyale: irudisheni, jamani, tuipande, watalii wataimiminia dola. Kuna hata ndugu zangu waandishi wanaoandika kwa kuililia treni hiyo utadhani walizaliwa ndani ya behewa. Mimi nasema isirudi kwanza. Treni ya makumbusho inayorudishwa mahali ambapo hakuna aliyeiandika itakuwa bembea ya watalii, na hadithi yake itatungwa upya kila asubuhi na yeyote aliyeshika kipaza sauti.

Hebu tuitazame hiyo treni tunayoililia. Ya kwanza kisiwani haikuwa ya umma hata kidogo. Sayyid Barghash alijengewa reli mwaka 1879 kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu, baadaye ikaletwa injini ndogo ya mvuke kutoka Uingereza. Alipofariki mwaka 1888, reli nayo ikafa. Ilikuwa reli ya mtu mmoja.

Ya pili ndiyo ya Bububu, kama kilomita 11 kutoka ngomeni, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney. Hii ilibeba watu wa kawaida, ni kweli. Lakini iliwekewa pia behewa maalumu la daraja la kwanza kwa wageni walioshuka kwenye meli, wapate kukiona kisiwa bila kukikanyaga sana. Mwaka 1911 serikali ikainunua. Mwaka 1922 abiria wakakomeshwa, maana barabara na magari vilikwishaichukua kazi yake, nayo ikamalizia uhai wake kwa kubeba mawe ya kazi za bandari.

Sasa niambieni: mkiirudisha leo, mtarudisha behewa lipi? La mama anayepeleka ndizi sokoni, au lile la daraja la kwanza? Jibu tunalijua sote. Tutalipaka rangi lile la wageni, tutauza juisi ya miwa ndani yake, na tutaliita urithi wetu. Yule mama hatakuwemo. Hayumo kwenye treni kwa sababu hayumo kwenye kitabu.

Wanaotaka treni hii hupenda kututajia Kisiwa cha Man, ambako treni ya mvuke bado inakimbia kati ya Douglas na Port Erin kwenye njia iliyofunguliwa mwaka 1874, au Kisiwa cha Wight, ambako watu wa kujitolea wameifufua reli yao na kuiendesha tangu mwaka 1971. Mifano mizuri. Lakini wanachokiona ni moshi tu. Hawamwoni mtu anayeamka alfajiri kuwasha moto saa kadhaa kabla ya safari ya kwanza, maana tangi la maji baridi halichemki kwa hasira. Hawamwoni anayekwangua majivu, anayepaka mafuta kila kiungo, anayesafisha mabomba kutoa magadi yanayoganda ndani. Kila baada ya miaka kama 10 injini hubomolewa vipande vipande, tangi likaguliwe, kisha iungwe tena. Kazi hiyo haifanywi kwa mshahara wa maana. Inafanywa kwa mapenzi, na mapenzi hayo yamelishwa na maandishi.

Nasema hivyo kwa ushahidi. Reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea ilikuwa ya Talyllyn, kule Wales, mwaka 1951. Aliyewakusanya watu alikuwa mwandishi, L. T. C. Rolt, na baadaye akaiandikia kitabu. Mmoja wa waliokwenda kujitolea pale alikuwa kasisi wa Kianglikana, Wilbert Awdry. Huyu alianza kumsimulia mwanawe hadithi za treni wakati mtoto anaugua surua. Kitabu chake cha kwanza kikatoka mwaka 1945. Awdry hakuishia hapo. Alitunga kisiwa kizima, akakipa jina Sodor, akakiweka baharini kati ya Uingereza na Kisiwa cha Man, ili treni zake zipate pa kuishi. Watoto wa Dar wanaomwangalia Thomas kwenye runinga wanaijua ramani ya Sodor, kisiwa ambacho hakipo. Ramani ya reli ya Bububu, iliyokuwepo kweli, hawaijui. Wenzetu walianza na hadithi, treni ikaokolewa na waliozisoma. Sisi tunataka treni ije kwanza, hadithi itajileta yenyewe. Haijileti!

Msidhani sisi hatuwezi. Adam Shafi alipoandika *Kuli*, aliwapa makuli wa bandari ya Unguja uhai ambao hakuna jumba la makumbusho lingeweza kuwapa. Ukitoka kwenye riwaya ile huwezi tena kuipita gati na kuona magunia tu. Abdulrazak Gurnah, katika *Paradise*, ambayo Ida Hadjivayanis ameileta kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, anamweka mtoto Yusuf kwenye mji wenye stesheni, akiwakodolea macho Wazungu jukwaani. Kisha mtoto yuleyule anapandishwa treni kwa sababu baba yake ana deni. Soma kurasa zile, halafu uniambie kama mluzi wa treni ya zamani bado unausikia kwa utamu uleule. Fasihi inafanya hivyo. Inakuuliza nani alipanda, nani alipandishwa.

Na sasa nirudi kwetu, maana yaliyonichoma zaidi yalitokea jioni ile, si pale Bububu. Tumekaa tunakula urojo, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akaniuliza: "Mwalimu, na sisi kwetu treni iliwahi kufika?" Nikamwambia ndiyo, mpaka Masasi. Wenzake wakaangua kicheko. Waliamini bu-bu-bu ya mtembeza wageni, hawakuamini treni iliyofika kilomita chache kutoka darasani kwao.

Nisiwalaumu. Waingereza walikuja na Mpango wa Karanga baada ya Vita vya Pili, wakachagua Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakaota mamilioni ya ekari. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya Kusini. Karanga zikagoma. Mwaka 1951, mwaka uleule ambao Rolt na wenzake walikuwa wakiifufua Talyllyn, mpango ukatangazwa kufa, na zaidi ya pauni milioni 30 za walipa kodi wa Uingereza zimekwenda na vumbi. Reli ikabaki, ikaongezewa hata tawi la kuja Masasi mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1962 ikafungwa, kisha ikang'olewa.

Babu yangu mzaa mama alifanya kazi mara mbili kwenye reli ile. Mara ya kwanza aliajiriwa kulaza mataruma. Mara ya pili aliajiriwa kuyang'oa. Alikuwa akisema kuyang'oa kulilipa haraka zaidi, na akishasema hivyo alicheka kicheko kifupi, akanyamaza. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo wakati huo, najifunza uchambuzi wa fasihi simulizi, nina daftari na kalamu. Sikumuuliza mluzi ulisikika mpaka wapi. Sikumuuliza wanawake waliuza nini stesheni, wala walivyoimba vibarua, wala siku ya mwisho treni ilipoondoka watu walisimama wapi. Nina ukurasa mmoja tu wa maneno yake, na nusu yake ni kuhusu mbuzi. Amekwishatangulia mbele ya haki.

Linganisheni na hili. Kila mtu Masasi anajua kwamba mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika hapa na watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Unguja. Walitembea kwa miguu kutoka Lindi. Safari ile ina umri wa karibu karne moja na nusu, nasi tunaijua kwa sababu iliandikwa, ikaandikwa tena, ikafundishwa makanisani na shuleni. Treni ilifika Masasi zaidi ya miaka 80 baadaye, wakiwepo watu waliojua kusoma na kuandika, nayo imefutika kana kwamba haikupita. Miguu ya mwaka 1876 ina nyayo zilizo wazi kuliko chuma cha miaka ya 1950. Mnanielewa ninakolia?

Najua nitaambiwa: huna huruma na vijana wa Unguja, treni ingewapa ajira. Ingewapa, sikatai. Waajiriwe madereva, mafundi, wakata tiketi. Lakini kijana anayelipwa kusimulia uongo kuhusu kijiji cha bibi yake amepata ujira na amepoteza kitu kingine, na hakuna anayemrudishia. Nitaambiwa pia kwamba watalii hawataki vitabu, wanataka moshi. Basi wapewe moshi. Mimi nawasemea watoto waliokuwa nyuma ya gari lile na madaftari yao.

Ndugu zangu wasomaji na waandishi, mtoto aliyekuwa na miaka 10 treni ya Kusini ilipofungwa amevuka 70 sasa. Yupo Nachingwea, yupo Mtwara, yupo labda nyumba ya tatu kutoka kwako. Ukisubiri ruzuku ya utafiti utamkuta kaburini. Chukua simu yako, kaa naye kivulini, mwache aanze na mbuzi akitaka. Unguja nao wanao waliosikia habari za Bububu kwa wazazi wao; wakasikilizwe kabla ya mhandisi wa kwanza kupima njia. Tukishakuwa na rafu moja tu ya maandishi hayo, nitakuwa wa kwanza kupanga foleni ya tiketi, na nitapanda kwa raha zangu.

Mimi nimeshaanza. Tuliporudi Chidya nilifuta maswali ya mazoezi niliyokuwa nimeandaa, nikawaambia wanafunzi: kila mmoja alete ukurasa mmoja kuhusu treni ya Masasi kutoka kwa mzee wa kwao. Wengi walirudi mikono mitupu. Saba walileta. Yule wa kidato cha pili alileta kurasa nne, na mwanzoni kabisa ameandika kwamba bibi yake amemwambia treni ile haikulia bu-bu-bu. Bibi amejaribu kumwigizia ilivyolia, lakini mtoto anasema hajui herufi za kuuandikia mlio ule. Nimemwambia aendelee kuzitafuta.